Safari Yangu ya Kuwaona Ngwini na Kumwokoa Zulema

Jumatatu, 5 Novemba

Ndani ya basi tangu alfajiri. Mwendo wa saa kumi kutoka Bahía Blanca hadi Trelew, na nje hakuna kitu ila vichaka, seng'enge, vichaka. Zulema kalala. Akilala anatabasamu. Nyumbani hajawahi kutabasamu usingizini, nami najua, maana nimelala chumba cha jirani naye miaka kumi na miwili, tangu mumewe Anacleto afe.

Niandike mambo yalivyo, ili siku moja mtu asije akasema Odilia hakuwa na sababu. Mwezi uliopita mdogo wangu huyu alikwenda Trelew na kwaya. Kwaya ya wastaafu! Akarudi na kipande cha keki ndani ya kitambaa, na jina la mwanamume. Elvio Pugh, mtu wa Gaiman, fundi mstaafu wa mashine za kukatia manyoya ya kondoo. Mgane. Tangu hapo ni barua, simu, barua. Wiki iliyopita tukimenya viazi akasema amealikwa kwenda kuwaona ngwini wa pwani, na kwamba huenda asirudi. Akayasema hayo huku anamenya, kana kwamba ananiarifu chumvi imekwisha.

Nikamwambia ngwini nawapenda tangu utotoni, nami nitakwenda. Uongo. Ndege wote wananitia kinyaa. Hata kuku nataka nimwone akiwa ameshakatwakatwa.

Nia yangu ni njema. Nitamchunguza huyo bwana, nitapata kasoro yake, nitaimulika. Kila mwanamume anayo. Kazi ni taa tu.

Jioni. Tumefika. Pugh alikuwa stendi anatusubiri. Mrefu, mwembamba, masikio kama mikono ya sufuria. Sikio la kushoto halisikii. Kasoro ya kwanza, na hata mizigo haijashushwa! Akanikumbatia, akaniita shemeji. Shemeji! Nikamjibu kwa ukali, "Bado." Yeye akasikia "Baridi." Akavua koti lake, akanivika, akabaki na shati katika upepo wa kung'oa jino. Zulema akanitazama kwa lile jicho la kusema, umeona?

Koti lina joto. Siandiki zaidi.

Jumanne, 6 Novemba

Gaiman. Nyumba yake ya matofali mekundu, safi kuliko nilivyotaka. Nimepitisha kidole juu ya kabati. Hamna vumbi. Nikapitisha chini ya kabati. Hamna. Mwanamume anayepiga deki chini ya kabati ana jambo analificha.

Lakini sikuja mikono mitupu. Ndani ya gauni langu la kulalia nilikuwa nimeifunga picha ya marehemu Anacleto, fremu na kioo chake. Zulema alipoingia bafuni nikaisimamisha juu ya rafu, ikielekea kiti cha Pugh. Anywe chai huku anatazamwa na mwenye mali.

Akaja na sinia. Akaiona. Akauliza ni nani. Nikamwambia, kwa sauti nzito, huyo ndiye mume wa Zulema. Nikamsifu Anacleto robo saa nzima. Mtu ambaye alipokuwa hai alikula mdomo wazi na kuniita Koplo! Pugh akasikiliza kwa sikio lake zima, kainamisha kichwa. Kisha akainuka, akaingia chumbani. Nikasema moyoni, amekwenda kulia, kesho tunarudi kwetu.

Akatoka na picha ya mkewe, marehemu Nilda. Mwanamke mnene mwenye kofia, anacheka. Akaiweka pembeni ya Anacleto, akazigeuza kidogo zitazamane. Akasema bora wawe na wa kuzungumza naye, maskini, wasikae peke yao.

Hapo ndipo Zulema alipotoka bafuni. Akasimama. Akatazama rafu. Macho yakamjaa, akaushika mkono wa yule bwana mbele yangu, kisha akaniambia asante dada, wazo lako limenigusa.

Wazo langu!

Nimekula vipande vitatu vya keki nyeusi. Sikuhisi ladha yoyote.

Jumatano, 7 Novemba

Upepo wa vumbi. Safari imeahirishwa mpaka kesho. Tumeshinda ndani watu watatu kama mayai kwenye kikapu.

Leo nimeona usaliti kwa macho haya. Pugh anakunywa yerba, ile chai yetu ya majani ya kibuyuni, kwa sukari. Vijiko viwili! Kwetu yerba ni chungu. Mama alitufundisha kwamba sukari kwenye yerba ni ya watoto na wagonjwa. Basi Pugh akampa Zulema kibuyu, Zulema akavuta kwa bomba, akafumba macho, akasema tamu. Nikamwuliza tangu lini. Akajibu, bila ubaya wowote, kwamba sukari ameipenda siku zote. Ila mimi ndiye niliyekuwa nachemsha maji.

Nimekaa dirishani mchana kutwa natazama mti wa jirani ukiinama na kuinuka, nikijaribu kukumbuka kama nimewahi kumwuliza. Miaka kumi na miwili, vibuyu viwili kwa siku. Nimejaribu hata kukumbuka siku moja tu. Sikuipata.

Hata hivyo! Huzuni haipiki ugali wa mtu, na kesho ni siku ya mwisho. Nimepata jambo kubwa. Moyo. Kule pwani, katikati ya ngwini, moyo wangu utanishika. Hakuna dada anayeweza kumwacha dada yake mgonjwa wa moyo. Atanirudisha nyumbani, kutakuwa na dawa, kitanda, supu, na Pugh atabaki na barua zake.

Nimefanya mazoezi bafuni mbele ya kioo. Kuguna ni rahisi. Shida ni mkono. Mtu wa moyo hushika kushoto, basi nikahakikisha yule mwanamke wa kwenye kioo anashika kushoto kwake barabara. Mara tano. Amekufa vizuri sana.

Alhamisi, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mwendo wa saa mbili na nusu kwenye gari la Pugh, njia ya changarawe. Nimekaa katikati yao, nimesisitiza. Upepo umelala. Tukafika Punta Marucha.

Harufu kwanza. Banda la kuku lililomwagiwa samaki. Halafu sauti. Nikauliza punda wote hawa ni wa nani, na Pugh akacheka mpaka machozi. Ndio wanavyolia! Halafu wenyewe. Maelfu. Kila kichaka kina shimo, na kila shimo lina mwenyewe kasimama mlangoni na malalamiko yake. Sikutegemea wawe wengi hivyo. Sikutegemea wanitazame.

Mlinzi wa hifadhi ni binti wa miaka thelathini hivi, Yanina Nahuelquir, pua imebabuka kwa jua. Akatupa masharti: usiguse, kaa hatua mbili mbali, na ngwini akitaka kupita, wewe simama, njia ni yake. Akaniita bibi. Nina miaka sitini na saba tu.

Nikawaacha Zulema na Pugh watangulie kwenye genge la bahari. Nikachagua mahali tambarare, pasipo kinyesi, panapoonekana vizuri. Nikashika kifua, nikaita "Zulema!", nikaanguka. Naam, kuanguka siyo neno lenyewe, maana kiuno changu hakiruhusu. Nikajilaza taratibu, mkoba kwanza.

Hawakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Punda ishirini wakaniitikia.

Kumbe nimelala kwenye njia yao. Wakaja watatu kutoka baharini, wameloa, matumbo mbele. Wakasimama. Wakanitazama kwa jicho moja, wakageuza kichwa, wakanitazama kwa la pili. Wakaja wengine wanne. Wakapanga foleni! Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Wa mbele akangoja, akangoja, kisha akainama, akaishika soksi yangu na nyama kidogo ya ndani, akavuta.

Nikapiga yowe. Hilo halikuwa la mazoezi.

Yanina akaja. Hakukimbia hata kidogo.

"Bibi, umelala barabarani."

"Nina moyo," nikamwambia.

"Kila mtu anao. Jisogeze kwanza wapite, halafu tuutazame."

Nikajiburura pembeni. Foleni ikapita mmoja mmoja. Hata asante hawakusema. Yanina akachuchumaa, akanishika mkono kwa vidole viwili, akatazama bahari kitambo. Akasema unapiga kama wa farasi. Nikadhani ataondoka. Badala yake akaketi chini, akauliza kama yule wa mbele mwenye skafu ya bluu ni ndugu yangu. Nikamwambia ni mdogo wangu. Akasema, "Ahaa." Siwapendi watu wanaosema ahaa.

Chini ya kichaka kilichokuwa kando yetu palikuwa na ngwini amelala juu ya mayai mawili. Mchafu. Manyoya yamemwishia rangi kwa vumbi, na mabega makali kama vitasa. Wenzake wote wanapiga kelele, yeye kimya. Nikauliza huyu anaumwa?

"Ana njaa," Yanina akasema. "Dume lake limekwenda baharini kula. Akirudi wanabadilishana. Kwa kawaida siku kumi na tano hivi. Huyu leo ni siku ya ishirini na mbili."

"Na hajala?"

"Akiinuka, shakwe wanachukua mayai."

"Na dume lisiporudi?"

"Siku moja atainuka mwenyewe, ataondoka. Hupita hapa asubuhi nikakuta mayai yamepoa."

Nikamwambia basi huyo ni mama mbaya. Yanina hakukasirika. Akasema, "Akifia hapo juu yake, mayai hayaanguliwi, bibi. Ni kwamba watakufa watatu badala ya wawili."

Tukakaa. Ngwini mmoja akapanda kutoka ufukweni, peke yake, anang'aa, kashiba. Akasimama kwenye kila shimo kuchungulia, akadonolewa, akasonga mbele. Akaja upande wetu. Yule wa chini ya kichaka akainua kichwa. Mara ya kwanza tangu tuketi hapo. Akafungua mdomo lakini sauti haikutoka. Mimi nilikuwa nimeukamata mkono wa Yanina, sijui tangu lini. Yule mwingine akasimama, akatazama kwa jicho moja, akatazama kwa la pili. Akapita.

Yule akarudisha kichwa chini.

Vumbi la huko ni baya sana. Liliniingia macho yote mawili.

Zulema alinikuta hivyo, nimekaa chini, soksi imechanika, mkono kifuani maana nilikumbuka kuurudisha. Yanina akaondoka bila kuagwa. Pugh alikuwa kasimama mbali, katupa mgongo, anafuta darubini isiyo na uchafu.

"Dada," Zulema akasema, "moyo uko upande gani?"

Nikamwonyesha.

"Huko ni kwenye ini."

Nikabadilisha mkono. Akacheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu tukiwa wasichana. Akasema jana walinisikia nikifa bafuni. "Umekufa mara tano. Elvio ameniuliza kama na wewe ni wa kwaya."

Akaketi. Akaacha kucheka.

"Sasa niambie kweli, dada. Mara moja tu. Unaogopa nini?"

Nilitaka kumwambia kuhusu nguo zake, na paa la nyumba, na watu watasema nini. Nilikuwa na majibu mengi tayari. Likatoka jingine kabisa.

"Friji."

"Friji?"

"Ukiwa kwenye kwaya, naisikia. Inanguruma, inanyamaza. Nakaa jikoni nangoja ingurume tena."

Akanishika mkono, huo wa kushoto, hatimaye ulikuwa mahali pake. Wakaja ngwini wawili kwenye njia, wakatupitia huku na huku, mmoja akanigusa goti kwa ubawa wake. Baridi, gumu, kama kiatu. Sikuona kinyaa. Nashangaa.

Kisha Zulema akasema kwa upole kwamba anabaki Gaiman. Akasema haniombi ruhusa, ananiarifu. Kwamba miaka kumi na miwili nimemlea vizuri, kila alipokwisha nguvu nilikuwepo, hatasahau. Ila kila akishika kitasa cha mlango nauliza anakwenda wapi, na siku moja akiwa peke yake nyumbani alijikuta anajiuliza mwenyewe, kwa sauti yangu.

"Nikaogopa, dada. Nikaogopa kuliko siku aliyokufa Anacleto."

Tulirudi Gaiman. Safari hii nilikaa dirishani.

Ijumaa, 9 Novemba

Pugh amenipeleka stendi mwenyewe. Zulema alibaki kwa kuwa angelia, na mimi ningelia, na basi lina wakati wake.

Njiani akaniambia, bila kunitazama, kwamba siku ya harusi yake ya kwanza dada yake Gladys alivificha viatu vyake ndani ya pipa la shayiri. Akamwoa Nilda akiwa na buti za zizini. Nikamwuliza ulimfanya nini Gladys. Akasema alimwekea kiti mezani kila Jumapili kwa miaka thelathini. "Hakuacha kulalamikia chakula," akasema, "lakini hakukosa hata Jumapili moja."

Akanikaribisha Februari. Vifaranga wa ngwini wakati huo wanajifunza kuogelea. Nikamwuliza kama yule wa chini ya kichaka atafika Februari. Akainamisha sikio zima. Nikarudia. Akasema hajui, shemeji, na hatanidanganya.

Sikumsahihisha.

Naapa hapa kwa maandishi: simpangii mtu tena. Kila mtu na njia yake, nami nitasimama wapite. Nimepiga mstari chini ya maneno haya. Miwili.

Jumamosi, 10 Novemba

Nyumbani. Nimechemsha maji ya watu wawili. Nimeandaa sahani mbili, nimeondoa moja, nimeirudisha, nimeiondoa.

Nimejaribu yerba kwa sukari. Siyo mbaya. Haikuwa na haja ya kuwa siri.

Usiku huu nimeichomoa friji kwenye umeme. Kimya chake ni kibaya zaidi. Nimeichomeka.

Simu ya Zulema saa moja jioni. Wanapika kondoo, na Jumanne anaanza kwaya ya huko pamoja na Pugh. Nilimsikia Pugh akiuliza kwa sauti ya viziwi kama nimefika salama. Nikawaambia nina raha sana, nina mambo mengi ya kufanya. Nikakata kabla sauti haijanisaliti.

Namwaza yule ndege. Siku ya ishirini na nne leo.

Jumapili, 11 Novemba

Nimeamka nimeelewa! Nimeona mwanga kabisa, najiona mtu mpya.

Yanina alikuwa ananifundisha nami nilikuwa nalia tu kama mjinga. Kosa la yule ndege ni moja. Kukaa! Analala pale siku ishirini na tano anangoja aletewe habari. Na miguu anayo! Angeinuka, angekwenda kutazama mwenyewe dume liko wapi, liko na nani, linakula nini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ndivyo pwani ilivyonifunza, na nitakaa na fundisho hili mpaka kaburini.

Sipangi kitu. Niliapa. Hii siyo hila, ni makazi.

Katika gazeti la Trelew nililonunua stendi, ukurasa wa matangazo, nimeona nyumba ya kupangisha Gaiman. Chumba na jiko. Nimeuliza mtaa. Nyuma ya nyumba ya matofali mekundu, uzio mmoja. Dirisha la jikoni linatazama dirisha la jikoni!

Nimempigia mwenye nyumba. Nimejitambulisha kama Bibi Carlota Funes, mjane mpole, asiyependa kujua mambo ya watu. Nitavaa miwani ya jua na nitaingia siku ya Jumanne, wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Zulema hatajua chochote. Nitaangalia tu kama anakula vizuri.

Mwenye nyumba akauliza kama nina ndugu mji huo. Nikamwambia sina hata mmoja duniani. Nimeisema kwa huzuni kubwa hivi kwamba yule mwanamke wa watu amelia kwenye simu, na kusema atanitambulisha kwa majirani wa uzioni, watu wazuri mno, wachumba wapya.

Nikamwambia nitafurahi kuwafahamu.